Shangazi na Bendi ya Msiba

Tulipohamia Manchester, sisi ndugu watatu wa tumbo moja kutoka Unguja, na baridi ya mji ule ikatufungia ndani kila jioni, dada yetu mkubwa alitangaza kwamba tutaunda bendi, wala si ya taarabu, bali ya ule muziki uliozuka baada ya vurumai ya panki, ambao Joy Division, vijana wa Salford na Macclesfield walioanza mwaka 1976, waliupa sauti nzito na wajihi wa huzuni. Hoja yake ilikuwa madhubuti: muziki huo haudai ufundi. Mimi nikapewa gitaa la besi, na kwa kuwa spika yake ya mtumba ilinguruma tu bila kutamka lolote, nikalazimika kupiga juu kabisa ya nyuzi ndipo nisikike, nikifarijika kwamba Peter Hook wa bendi ile ile alipata mtindo wake mashuhuri kwa dhiki hiyo hiyo ya kumezwa na kelele za wenziwe. Mdogo wetu alishika dramu, au tuseme dramu zilimshika yeye.

Usiku wa onyesho la kwanza, katika chumba cha juu cha baa moja, alikuja Shangazi, udi ukimtangulia ngazini, naye ni mtu aliyelelewa kwa nyimbo za Akhwani Safaa, kilabu cha taarabu kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905. Akaitazama ile hadhira ya makoti meusi, imekunja mikono, haichezi wala haitabasamu, kisha akamwinamia Mwingereza aliyekuwa kando yake na kumuuliza kwa upole, kwa Kiswahili, marehemu alikuwa nani.

Dada alipofika penye ubeti wa kilio, Shangazi aliinuka, noti ya pauni tano imekunjwa baina ya vidole, akaja kwa madaha, mabega yakiitika mapigo ambayo mdogo wetu hakuwa akiyapiga, akamtuza, akampangusa jasho kwa ncha ya mtandio. Wale wenye makoti, wakidhani ndiyo kanuni ya bendi hii, wakapanga foleni kwa taadhima kama watoao rambirambi, kila mmoja na alichonacho, hata mmoja akatoa tiketi ya basi.

Ujira wa mwenye baa haukufikia nusu ya tuzo zile. Njiani kurudi, mdogo wetu akashauri tugawane sawasawa. Dada, ambaye tangu tuhame alikuwa akiapa kuwa ada za pwani ameziacha uwanja wa ndege, akatubainishia kwa ufasaha kwamba, kwa ada za pwani, tuzo ni ya mwimbaji.

"Ndivyo, wanangu," akasema Shangazi, "na wapigaji washukuru hawakutozwa."