Namna ya Kupunguza Kitambi Ukiwa Sandoa

Ndugu yangu, kitambi kimeanza kukutangulia mlangoni na sasa unataka kirudi nyuma. Karibu, tukipunguze pamoja. Kwanza, tafuta sukre, yaani soda, isiyo na sukari. Ianze kazi hiyo alfajiri. Ukikosa madukani, agiza Kolwezi, kisha uombe mvua isinyeshe, maana lori likinasa kwenye matope, wembamba wako nao umenasa huko huko. Wakati unasubiri, kunywa maji. Hiyo ndiyo hatua ya pili.

Siidharau sukre hiyo. Kopo la Coca-Cola la mililita 330 lina gramu 35 za sukari, karibu kalori 140. Aliyezoea makopo mawili kwa siku akihamia kwenye lisilo na sukari, ametua mzigo wa kweli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti wa Marekani walifuatilia watu 303 kwa wiki 12: wanywaji wa vinywaji vya utamu bandia walipungua wastani wa kilo 5.95, wa maji kilo 4.09. Ila kabla hujakimbilia dukani, uliza nani alilipia utafiti huo. Ni chama cha watengenezaji vinywaji cha Marekani. Katika utafiti wa Iran uliochapishwa mwaka uliofuata, wanawake waliozoea vinywaji hivyo walifuatiliwa wiki 24. Walioviacha wakanywa maji baada ya chakula cha mchana walipungua kilo 8.8, wenzao 7.6. Nalo Shirika la Afya Duniani, Mei 2023, likashauri utamu bandia usitumiwe kupunguza uzito. Ushauri huo haukuwagusa wenye kisukari. Wao wamsikilize daktari wao.

Sasa shika hili kwa mikono miwili: katika tafiti zote mbili watu walikuwa wamepunguza chakula. Hakuna aliyekaa mbele ya mlima wa bukari na bakuli la sombe linaloogelea mafuta ya mawese, akangoja kinywaji kiyeyushe mlima. Kwa hiyo hatua ya tatu ni kumega tonge moja pungufu, kisha jingine.

Na kinywaji chetu cha munkoyo? Mizizi na mahindi havina ugomvi na wewe. Hesabu vijiko vya sukari unavyomwagia baadaye.

Hatua ngumu kuliko zote ni mgeni. Kwetu mgeni wa heshima akipewa maji matupu, jirani atasema nyumba imefilisika. Basi mtoto anatumwa mbio dukani, chupa inafunguliwa, na mwenyeji anakunywa naye ili asionekane mchoyo. Wageni watatu kwa siku ni chupa tatu, na tumbo halijui kwamba ulikunywa kwa adabu. Mpe mgeni maji kwanza, kwenye glasi safi, kwa mikono miwili, umuulize habari za nyumbani. Heshima iko kwenye hiyo mikono.

Lakini yawe maji ya kunyweka. Yawe ya mto Lulua au ya kisima, yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika nzima, yafunike, yahamishie kwenye mtungi wa udongo ulio safi. Kipindupindu nacho hukondesha, na sitaki kukuona ukikonda hivyo.

Ndugu yangu, kabla makaa ya leo hayajazimika, weka sufuria moja ya maji jikoni. Kesho asubuhi yatakuwa yamepoa, na wa kwanza kuyanywa uwe wewe.