Shamba la Ndoo Tatu

Wewe uliyeoa, sogeza kigoda tuliwazane. Ambaye hujaoa, sikiliza tu, siku zako zaja.

Aliyeniponza ni shemeji yangu. Hapa nyumbani tunamwita Bwana Shamba, ingawa anauza vifuniko vya simu Kariakoo. Alikwenda Tukuyu kumleta mama mkwe, wakarudi na basi, yeye kapakata ndoo tatu za rangi, kila moja na mche wa chai. Aliposhuka stendi, kiuno hakinyooki. Miche imenyooka.

"Shemeji," akaniambia, "pesa ya majani ya chai sasa utajengea."

Nikajaribu kueleza kwamba kule Rungwe kuna baridi, ukungu, na mvua isiyojua likizo, ilhali Tabata jua linakaanga hata kivuli. Mke wangu akanitazama tu. "Baba watoto, hivi wewe ulishawahi kupanda kitu kikaota?" Nikakumbuka minazi yangu ya Kibaha. Nikanyamaza, ndoo zikaingia ndani.

Binti yetu ana miaka tisa, tunamwita Mkaguzi. Jioni hiyo hiyo alishasoma kila kitu kuhusu chai, akaja kutukagua. Kumbe majani meusi ya dukani, chai ya kijani na chai nyeupe ni mti mmoja! Majani yakinyaushwa, yakasokotwa, yakaachwa hewani mpaka yabadilike rangi ndipo yakaushwe, yanakuwa yale meusi. Yakiwahiwa na moto yangali mabichi, yanabaki kijani. Chai nyeupe ni vichipukizi vichanga vilivyonyaushwa na kukaushwa bila kusokotwa. Mti mmoja, malezi mbalimbali. Nikamtazama mke wangu, mhasibu, kisha nikamtazama kaka yake. Nikanyamaza tena.

"Na mchaichai si chai," Mkaguzi akamalizia. "Ni nyasi."

Mama mkwe, ambaye kwa siri tunamwita Kamanda, akaweka kikombe chini. "Nyasi hiyo ndiyo iliyomkuza mama yako."

Mche wa kwanza uliuawa na maji ya kisima chetu. Yana chumvi hata sabuni haitoi povu, na Bwana Shamba aliumwagilia asubuhi na jioni kwa upendo. Majani yakaanza kuungua kwenye ncha, mwisho ukabaki mswaki.

Wa pili ulitaabisha. Ulikuwa na afya, ghafla ukageuka njano. Mkaguzi akafungua simu ya mama yake, akatusomea kwa sauti: chai hupenda udongo wenye tindikali, na majivu huiondoa tindikali hiyo. Wote tukageuza shingo polepole kumtazama Kamanda, ambaye kila alfajiri aliunyunyizia majivu ya jiko la mkaa kufukuza wadudu, kama anavyofanyia mchicha wake.

"Kwa hiyo nimeua mimi?"

"Hapana, mama," tukajibu kwa pamoja, kama kwaya. "Ni jua."

Wa tatu niliuhamishia chini ya simtanki, kwenye kivuli. Mvua ikinyesha nakinga beseni, nauwekea akiba kwenye madumu. Usimwambie mtu. Mkaguzi alikuwa amesema mti wa chai husubiriwa kama miaka mitatu ndipo uchumwe sawasawa, lakini wa kwetu haukumaliza hata miwili kabla mke wangu hajatangaza mavuno. Akachuma kama wachumaji wenyewe, majani mawili na kichipukizi, mara nne. Kilo moja ya majani makavu hutaka karibu kilo tano za mabichi. Sisi tulikuwa na yanayojaa kiganja cha mtoto.

Akaamua iwe chai ya kijani. Akayakaanga upesi kwenye kikaango kilichokuwa karibu, ambacho usiku wake kilikuwa na dagaa.

Tukagawana vikombe viwili watu watano. Ilikuwa chai ya Tukuyu yenye harufu ya Mwanza. Bwana Shamba akafumba macho, akasema anaonja milima. Mke wangu akanikazia macho, nami nikaonja milima.

Kamanda hakusema kitu. Akainuka, akaenda nyuma ya bafu ambako mchaichai wake umestawi hadi kiunoni, pamoja na chumvi, majivu na jua letu. Akakata fungu, akachemsha na tangawizi, akaleta birika linafuka.

"Kunyweni," akasema. "Hii ndiyo chai ya shamba letu."

Mkaguzi akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, kisha nikasogeza kikombe changu mbele.