Somo Akujibu: Mume Wangu Amemchagua Irene

*Somo, shikamoo. Mimi na mume wangu hatusemezani tangu tumalize tamthilia ya Sherlock. Yeye anasema yule mpelelezi alimfaa Irene Adler, mimi nasema Molly Hooper. Sasa analala sebuleni. Nifanyeje?*
*Mpenda Haki, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hapa umefika. Ungekuwa na kesi ya deni au ya mke mwenza ningekuelekeza kwa kadhi, lakini hili la Sherlock ni langu. Mimi nimewafunda mabibi harusi wa mtaa mzima na hakuna aliyerudishwa kwao kabla ya fungate kwisha. Wenzangu wakitazama upelelezi wanatafuta nani kaua. Muuaji mimi namjua mapema, kwa hiyo macho yangu yanabaki huru kutazama nani anamtazama nani.

Kipindi chenyewe walikitunga Steven Moffat na Mark Gatiss, BBC ikaanza kukionyesha Julai 2010, kikaisha Januari 2017. Miaka yote hiyo sehemu 13 tu, ukihesabu na ile ya mwaka mpya wa 2016 iliyowarudisha wote enzi za Malkia Victoria! Watu walilalamika kusubirishwa. Mimi sikulalamika. Wachumba wangu walinisubiri zaidi ya hapo, tena juani, na mmoja wao alikuwa na gari.

Haya, tumsikilize mumeo, maana hata mwenye kosa ana haki ya kusikilizwa. Irene ni mzuri, sikatai. Lara Pulver alimwigiza mpaka mimi mwenyewe nikasogeza kiti. Lakini alifundwa na nani yule? Sherlock alimshika mkono, kumbe anampima mapigo ya moyo. Akamtazama machoni, kumbe anakagua mboni zimetanuka kiasi gani. Zilitanuka! Halafu simu yenye siri zote za wakubwa wa Uingereza, bibi akaifungia kwa herufi za jina la mwanamume. Mimi nilipokuwa msichana mshipa wangu wa mkono ulikuwa hausemi kitu. Waliushika wengi, wakarudi makwao kuuliza kama nipo hai.

Nakubali kwamba mwanamume akikufuata mpaka Karachi kukuokoa na upanga, ana jambo moyoni. Ila mwambie mumeo afungue kitabu. Arthur Conan Doyle alimleta Irene mwaka 1891, na katika hadithi ile bibi anaolewa na wakili, Godfrey Norton. Holmes alikwenda kuwapeleleza, kajigeuza mtunza farasi asiye na kazi, akavutwa kanisani awe shahidi wa ndoa. Alishuhudia kwa mdomo wake mwenyewe! Mimi nimehudhuria ndoa nyingi, na sijaona shahidi akirudi baadaye kudai bibi harusi.

Molly kitabuni hayumo kabisa. Walimbuni kwa ajili ya televisheni, wakamweka kwenye mochwari ya hospitali ya Barts, na Louise Brealey akamwigiza vizuri hata wakashindwa kumwacha. Mwanzo alinitia aibu, sitaficha. Kapaka rangi ya mdomo, anamkaribisha bwana kahawa, bwana anadhani kapata mhudumu: nyeusi, sukari mbili, ailete juu. Na akaipeleka! Nilizima televisheni nikaenda kukuna nazi kwa hasira. Tulikula wali wa nazi tupu wiki nzima.

Lakini tazama walivyokuzwa, kila mmoja kwa mkono wa mwenzake. Kwenye sherehe ya Krismasi, Sherlock anachambua zawadi ya Molly mbele ya watu, anamcheka kwamba kuna mtu anamtaka, kisha anasoma kikaratasi na kukuta jina lake. Akaomba radhi. Yule! Baadaye mambo yalipomchachia, adui yake Moriarty kila kona, aliyemwendea ni Molly, na ndiye aliyemsaidia kuigiza kifo chake. Moriarty aliwahesabu wote ambao Sherlock anawapenda ili awalengeshee bunduki, akamruka Molly kwa kumwona si kitu. Ndiyo maana nawaambia wanawali: usijali kudharauliwa na adui, jali kudharauliwa na mpishi wa shughuli.

Kisha Molly akachumbiwa na Tom, aliyefanana na Sherlock mpaka koti. Hilo ni kosa la mwaka wa kwanza, nalirekebisha kwa mafusho. Harusini kwa John Watson, rafiki wa Sherlock, na Mary, Tom aliposema upuuzi, Molly alimchoma na uma mkononi. Uchumba ukafa, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu. Na siku Sherlock alipokutwa katumia dawa za kulevya, Molly huyu wa kahawa alimzaba makofi, na si moja. Hapo ndipo alipofuzu. Mwaka 2017, Sherlock alipolazimishwa na dada yake Eurus ampigie simu na kumtoa Molly neno la kupenda, bibi alikataa kulitoa mpaka bwana alitangulize yeye. Akalitanguliza, tena mara mbili. Simu ilipokatika akalivunja jeneza kwa mikono mitupu. Irene aliwahi kumvunjisha nini?

Sasa dawa. Usiku wa Ijumaa chukua rimoti, ifukize udi, wa kweli, si vijiti vya dukani. Izungushe juu ya kichwa cha mumeo alipolala, kisha ifukie kwenye debe la mchele. Asubuhi muulize kama anataka kahawa. Akiagiza bila kukutazama usoni, mpe uma. Akikutazama, mrudishe chumbani, na nusu ya mchele uniletee mimi.

*Somo, mimi napenda ile ya New York, Elementary, ambamo Watson ni mwanamke. Misimu yote ile, mbona hawakuoana?*
*Mwenye Kiu, Mombasa*

Mwanangu, nina wageni, nitasema mbio mbio. Misimu saba, 2012 hadi 2019, na Sherlock wa Jonny Lee Miller na Joan Watson wa Lucy Liu hawakuwa wapenzi. Joan alikuwa daktari wa upasuaji, akaletwa kumsimamia Sherlock asirudie dawa za kulevya, akaishia kuwa mpelelezi kamili. Yeye kapata kazi, bwana kapata uzima. Mahari gani inazidi hiyo? Bwana Msa wetu wa Unguja, mpelelezi wa vitabu vya marehemu Muhammed Said Abdulla, anakwenda na rafiki yake Najum tangu 1960 na hakuna aliyeniandikia kudai nikah. Na yule wa Tanga amwambie mumewe kwamba huko New York Irene Adler ndiye Moriarty mwenyewe.

Wageni wanabisha. Mnaotaka kumtetea Janine wa BBC, aliyechumbiwa na Sherlock ili tu bwana apate mlango wa ofisi ya yule mwovu Magnussen: aliuza habari za Sherlock magazetini akanunua nyumba shamba. Hana shida, msiniandikie.