Kesi ya Gagula, Mkolani

Likizo ya Juni baba mkwe wangu aliwatolea wajukuu kitabu chake. Ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Mwingereza H. Rider Haggard iliyotoka London mwaka 1885, ambayo Frederick Johnson aliitia katika Kiswahili mwaka 1929. Babu alikisoma akiwa mwanafunzi, akakisomesha akiwa mwalimu, na alipostaafu akaja kuishi nasi hapa Mkolani alikiweka katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyake. Aliwapa wavulana kwa masharti mawili: wasikikunje na wasome kwa sauti, ili na yeye asikie. Katika wiki ile tulipasua bomba la maji, tukaharibu dagaa wa watu, na kuketishwa mbele ya balozi wa nyumba kumi kwa neno ambalo katika Usukuma halipaswi kusemwa kwa mzaha.

Kwa asiyekijua kisa chenyewe: wazungu watatu wanavuka jangwa na milima kumtafuta ndugu ya mmoja wao aliyepotea. Allan Quatermain ni mwindaji, Sir Henry Curtis ndiye mwenye ndugu, na Kapteni Good ana meno ya bandia yanayowaduwaza wenyeji. Wamefuatana na mtumishi wao Umbopa, ambaye mbele ya safari anajulikana kuwa mrithi halali wa kiti cha Wakukuana. Wanamwangusha Twala, mfalme katili. Kisha bikizee Gagula, mshauri wa Twala, anawaongoza hadi kwenye chumba cha almasi ndani ya mlima, chumba ambacho mlango wake ni jiwe linalopanda na kushuka kwa ufundi anaoujua yeye peke yake.

Mtoto wa London mlango wa namna hiyo ilimbidi auwaze. Mtoto wa Mkolani anauona akitoka kunawa uso. Nyumba zetu zimepenyezwa katikati ya majabali, mengine makubwa kuliko nyumba zenyewe, yamepandana tangu dunia iumbwe na chini yake pana mapango wanamoingia pimbi. Nyuma ya jiko letu lipo moja lililosimama wima, bapa upande mmoja, na limeacha ufa kwa chini. Kifungua mimba wetu, wa miaka 13, alilitazama kwa macho mapya tangu jioni ya sura ile. Mdogo wake wa miaka 8 hakuhitaji kushawishiwa.

Walianza kuchimba mchana, watu wazima tukiwa kazini na Babu amelala. Walikuwa na jembe, mtaimbo wa baba yao na sufuria la kutolea udongo. Bomba la plastiki linalopeleka maji kwa jirani limepita hapohapo, kina cha kiganja tu, kwa sababu huku kwetu ukichimba zaidi unakutana na mwamba. Mtaimbo ulilipasua. Maji yakaruka, yakateremka juu ya bamba la jiwe ambapo Bibi, jirani yetu, alikuwa ameanika dagaa wake wa kuuza, karibu sado nne, pamoja na michembe ya kula mwenyewe. Dagaa walichukuliwa wote mpaka mtaroni, na kuku wa mtaa mzima wakafika kabla ya binadamu.

Bibi alitoka akipiga kelele, na alikuwa na haki ya kupiga kelele. Anaishi peke yake na dagaa wale ndio mtaji wake. Alipanda jabali kwa mikono na miguu, kanga imemlegea, macho yake mekundu kama yalivyo siku zote, na kitinda mimba wetu, aliyekuwa ameingiza nusu ya mwili kwenye ufa, akageuka akamwona juu yake. Akapaza sauti: "Gagula! Gagula anakuja!"

Palikuwa na watu barabarani. Palikuwa na vijana wa bodaboda kijiweni. Jina hilo lilishatoka kitabuni siku nyingi. Asiyewahi kukishika kitabu chenyewe analijua kama tusi la kumtupia mwanamke mzee, na maana yake ni mchawi. Kijana mmoja akacheka, mwingine akalirudia.

Nataka hapa nisimame kidogo, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kudhani nakuza jambo la watoto. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga hasa, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga, mwaka hadi mwaka, kwa kuitwa wachawi. Sheria ya uchawi ipo tangu 1928, mwaka mmoja kabla ya Johnson kuchapisha tafsiri yake, na vifo havikukoma kwa kuwepo kwa sheria. Mara nyingi huanza na ugonjwa wa mtoto, au ng'ombe aliyekufa, au ugomvi wa shamba la urithi. Mtu huenda kwa mpiga ramli, na jina hutajwa. Macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi, wakati kinachoyatia wekundu ni moshi wa kuni na wa samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha, miaka 50 au 60 ya kuwapikia watu haohao. Bibi alihamia Mkolani kutoka kijijini baada ya dada yake kufa kwa namna hiyo. Nilijua. Mume wangu alijua. Watoto hawakujua, maana ni habari tunazozinong'ona wakishalala.

Nilipofika jioni nilimkuta amejifungia ndani. Hakuitikia hodi.

Mambo ya mali yaliisha upesi. Fundi bomba alikuja na kiungio na gundi, mume wangu akalipa, na asubuhi yake alikwenda mwaloni kununua dagaa wa kurudisha, sado tano badala ya nne. Lile neno ndilo lililobaki. Babu ndiye aliyekwenda kwa balozi mwenyewe, bila kungoja kuitwa, akamwomba aje awasikilize wavulana mbele ya Bibi na mbele ya vijana wa kijiweni waliocheka. Namheshimu kwa hilo. Alivaa koti.

Tulikaa uani. Wavulana walipiga magoti, wakasema shikamoo, wakaomba radhi. Bibi aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea: "Huyo Gagula ni nani?"

Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika, kwani kila mtu alianza kumjibu.

Wifi yangu anasoma chuo kikuu kule Malimbe na kitabu hiki amekisoma kwa Kiingereza. Alisema kitupwe. Haggard, alisema, amekitabaruku kwa wavulana wakubwa na wadogo, na mwanzoni msimulizi wake anajisifu kwamba hamna sketi katika hadithi nzima. Gagula hamhesabu kwa kuwa ni kizee asiyeweza tena kuolewa. Foulata, msichana aliyemuuguza Good akapona, mwandishi anamuua mwishoni na kumtia kinywani maneno ya kukishukuru kifo, eti mweusi na mweupe wasingeweza kuishi pamoja. "Wanawake wawili tu," alisema wifi yangu, "mmoja mchawi, mwingine amekufa ili asimsumbue mzungu. Halafu tunashangaa mtoto amejifunza nini?"

Babu hakukubali. Alikuwa mwalimu kijana katika miaka ya Azimio la Arusha, na anasema darasa lake lilikuwa likipiga makofi kwa Umbopa. Huyu anaanza kama mpagazi lakini anasema na mabwana zake kama mtu sawa nao, na akishapata ufalme wake anawaambia waziwazi kwamba wazungu wengine wakija kutafuta mawe yale atawafukuza. Bunduki zao na pombe zao hazitaki. "Mwandishi alikuwa mtu wa dola ya Uingereza," alisema Babu, "lakini mkono wake ulimwandika mwanamume huyu. Sisi tulimchukua Umbopa, tukawaachia hao wengine waliobaki." Nami nasema Babu ana haki. Watoto waliosomeshwa kitabu hiki katika Afrika Mashariki hawakukimeza kizima kama dawa. Walichagua wa kumpenda.

Kaka yangu, aliyefanya kazi Mwadui miaka mingi, alikuwa na shauri lake tofauti kabisa. Yeye kinachomkera ni almasi kukutwa zimeshachimbwa na kujazwa masandukuni. Almasi ya kweli, alieleza, haingojwi na mlango. Pale Mwadui, tangu John Williamson alipoligundua shimo mwaka 1940, ni kuchimba udongo na changarawe, kuosha na kuchekecha, tani kwa tani, ili upate punje. Ile ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana 1947 ilipelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. "Haikuhitaji Gagula kuwaonyesha njia," alisema. Balozi akamwambia hilo si la kesi ya leo. Mimi niliona ni la kesi hiihii.

Bibi alisikiliza wote. Kisha akasema asomewe.

Kifungua mimba akamsomea sura ya mkutano mkuu wa usiku, ambapo Gagula na wanawake wake wanapita mbio kati ya askari wa Twala wakiwanusa wachawi, na kila wanayemgusa anauawa palepale bila kuulizwa. Alisoma kwa sauti ya chini, macho hayatoki kwenye karatasi. Vijana wa kijiweni walikuwa wamenyamaza.

"Basi mmekosea jina," alisema Bibi. "Huyo ni mpiga ramli. Huyo ndiye anayenyoosha kidole. Mimi na dada yangu tuko kwenye ule mstari, tunangoja kuguswa."

Nimesikia watu wenye shahada wakizungumza juu ya kitabu hiki, na hakuna aliyenionyesha jambo hilo. Haggard, ambaye alikwenda Natal mwaka 1875 akiwa kijana wa miaka 19, alichukua cheo cha kutisha kuliko vyote na kumvika mwanamke mzee. Kitabu chake kilipotufikia, tusi likamwangukia yule ambaye katika maisha yetu ndiye anayewindwa. Ramli imebaki kwa wenye ramli, na jina la Gagula limebaki kwa bibi zetu. Ningependa kila mwalimu anayefungua sura ile asimame hapo na darasa lake, amuulize kila mtoto ni nani katika mtaa wao anayeitwa hivyo, na kwa nini.

Kifungua mimba, bila kuambiwa, alisema Umbopa anaapa kwamba akiwa mfalme watu hawatauawa tena bila hukumu. Bibi akataka asomewe na hapo. Saa ilikuwa imekwenda, balozi akaaga, vijana wakaondoka baada ya kila mmoja kumpa Bibi mkono. Yeye hakuondoka. Na kesho yake alikuja tena.

Amekuja jioni zote za likizo. Sura ya pango alisoma kitinda mimba, na alipofika kwenye mlango wa jiwe alisita, akafunua karatasi mbili kwa pamoja. Bibi hajui kusoma. Akamwambia, "Umeruka. Rudi." Akarudi. Akasoma jinsi Foulata alivyomng'ang'ania bikizee, jinsi alivyochomwa kisu, jinsi jiwe lilivyoshuka na Gagula akajitupa kupita chini yake akachelewa. Hakuna aliyethubutu kumtazama Bibi.

"Hao waliobaki ndani walitokaje?"

Mtoto akamweleza: walipata njia chini ya sakafu, wakapapasa gizani, Quatermain akatumbukia kwenye mto wa ndani ya mlima, mwisho wakatokea kwenye tundu la mbweha.

"Na almasi?"

Alizotia mifukoni Quatermain, na kikapu cha Foulata alichokijaza.

"Na mlango, nani anajua kuufungua sasa?"

"Hakuna, Bibi. Alikuwa anajua Gagula tu."

Bibi alipiga makofi mara moja, akacheka kwa sauti, akasema basi kizee amewashinda. Babu akapinga hapohapo: yule si mlinzi wa nchi, ni mwuaji, ameua mamia kwa kidole chake. Wifi yangu, ambaye siku ya kesi alitaka kitabu kitupwe, sasa alikuwa upande wa Gagula. Alisema almasi zimebaki nchini na mtu mmoja tu ndiye wa kushukuriwa. Kaka yangu akaomba amani. Walibishana mpaka ugali ukapoa, na Bibi alikuwa anabishana kuliko wote, amekaa kwenye kiti cha mume wangu.

Kitabu kimekwisha. Babu anasema kuna cha pili, kile ambacho Haggard alikitoa mwaka 1887, ambamo wazungu walewale wanaanzia safari yao Lamu, na anajua mwalimu mwenzake wa Nyegezi mwenye nakala ya Kiswahili. Bibi ameuliza kama na humo kuna kizee. Wifi yangu, ambaye ameshakisoma, amekataa kumwambia.