Stesheni Iliyochelewa Kuzaliwa

Kwa wenye dhamana ya Mambo ya Kale,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Dodoma.



Naandika kwa niaba ya jirani yangu asiyejua kuandika: stesheni ya reli ya Usa River, pamoja na kota zake. Anaomba radhi. Alichelewa kuzaliwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka jengo liwe la kabla ya 1863 ndipo lihesabiwe la kale kwa umri wake. Jirani yangu ni mtoto wa reli ya Waingereza, ile iliyotoka Moshi ikaingia Arusha mwaka 1929. Lakini hata kaka zake wa Tanga hawana ahueni: Wajerumani walianza kutandika reli kule mwaka 1893, miaka 30 baada ya mlango kufungwa. Kumbe nchi nzima haina stesheni hata moja iliyozeeka! Wangewahi kidogo, wakajenga stesheni kwanza, nchi wakaja kuichukua baadaye.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mwaka huo wa sheria hausogei. Sheria ilipotungwa, 1863 ilikuwa karne moja nyuma. Hesabu ilikaa sawa. Tangu hapo tumeota mvi, treni ya abiria ikapotea, majani yakaota kati ya mataruma, watoto wakazaliwa na kuoa bila kusikia honi, treni ikarudi Arusha Oktoba 2020, na 1863 ipo pale pale kama jiwe la mpaka. Stesheni ikitimiza miaka 500 bado itaitwa kijana. Boma la Wajerumani pale Arusha mjini, la mwaka 1900, nalo kijana tu. Lenyewe lilijiongeza, likawa makumbusho.

Kama tatizo ni cheti cha kuzaliwa, semeni. Tutaleta wazee watano wa Kimeru waape kwamba babu zao walimkuta hapo.

Na msinijibu kwamba Waziri ana mamlaka ya kulitangaza jengo changa kuwa kumbukumbu. Najua. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi, sikuiandikia 1863. Ni tangazo moja kwenye Gazeti la Serikali, pengine fupi kuliko barua hii.

Njooni mmwone. Daladala za Usa hazikosekani mjini. Mje na kalamu. Rangi nyekundu iacheni huko huko, huku tumezoea kuiona ikichora X ukutani.

Wenu,
Mkazi wa Usa River