Kope za Zuhura

Jirani yangu ni mwandishi wa kujitegemea. Riwaya yake imekwama sura ya tatu tangu Ramadhani ya mwaka juzi, ila Zuhura, shujaa wa hadithi, tayari ana picha 41: Zuhura mvuani, Zuhura na dera, Zuhura akiitazama bahari kana kwamba anaidai kodi ya pango. Zote zimechorwa kwa kidole kwenye simu, kwa programu ya kuchorea ya ibisPaint, tabaka juu ya tabaka. Kope peke yake zina tabaka lake. Zikienda upande, anazifuta bila kugusa shavu. Ni ufundi, sikatai. Laiti sura ya nne nayo ingepata tabaka.

"Shoga, huyu Zuhura kwenye hadithi anafanya nini hasa?"

"Subiri kwanza nimalize mikono."

Mikono! Katika picha zote 41 Zuhura kaificha mgongoni, na kumbe riwayani ni fundi cherehani.

Ukimbana sana anakutajia Beatrix Potter: si naye alichora sungura wake mwenyewe, wachapishaji wakamkataa, akajichapishia nakala 250 mwaka 1901? Kweli tupu. Tatizo la yule bibi ni dogo tu, hadithi aliimaliza.

Jana kwenye stetasi yake ya WhatsApp katokea mume wa Zuhura. Ndevu zimechongwa, kanzu inameta, hata vifungo vina kivuli. Nimerudia sura zote tatu. Zuhura hajaposwa.