Mzee wa Waya Anajibu: Wati 1000 za Kwenye Katoni

*Nina Vitz ya 2005. Spika za milango ya mbele zilianza kukwaruza, nikashuka Luthuli Avenue nikanunua mpya, katoni imeandikwa wati 1000. Fundi akazifunga. Sasa muziki ni mdogo kuliko zamani na besi imehama kabisa. Nimeibiwa? – Mnyonge, Umoja Innercore*

Ndugu Mnyonge, hukuibiwa; ulisoma katoni ukasahau kulisoma gari. Chomoa redio utazame fuzi iliyo mgongoni mwake. Nyingi huwa na ya ampea 10. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14, kwa hiyo redio nzima haiwezi kuendelea kunywa zaidi ya wati 140 fuzi isikatike. Karibu nusu yake huishia kuwa joto, na kinachobaki kinagawiwa spika nne: wati 17 au 18 kila moja, basi. Zile 1000 ni mzigo ambao spika inadaiwa kuustahimili kufumba na kufumbua kabla haijaungua. Hazisemi lolote kuhusu sauti utakayosikia. Nambari ya kutafuta ni ile ya desibeli, yaani sauti ambayo spika inatoa kwa umeme uleule, ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai umeme mara mbili, kwa hiyo spika ya desibeli 86 inahitaji wati 60 ili ilie sawa na ya desibeli 92 inayokula 15. Spika za kiwandani ni za bei ya chini, sibishi, lakini koni yake ya karatasi ni nyepesi na iliundwa iridhike na hicho kidogo. Hizo zako nzito zinasubiri amplifaya ambayo huna.

Besi kuhama ni kesi nyingine, na hapo namshuku fundi. Spika moja ikiungwa kinyume, koni ya kulia husukuma hewa huku ya kushoto ikivuta, na besi zinauana juu ya gia. Tenga waya za spika na redio, uziguse mara moja kwa jiwe la tochi la volti 1.5, chanya kwa chanya: koni zote mbili zitoke nje. Zikitoka sawa, mshitakiwa wa pili ni mlango. Sauti inayotoka nyuma ya koni ni kinyume cha ile ya mbele, na zikikutana kupitia matundu ya bati zinafutana. Kiwanda kiliyafunika matundu hayo kwa plastiki. Baada ya miaka yote hii ya mafundi wa vioo na vitasa, yako huenda imebaki vipande. Ziba kwa karatasi ya lami yenye foili, ile ya kuzibia paa linalovuja, na spika uifunge juu ya pete ya mbao iliyopakwa rangi. Utaniambia maji ya mvua yatakwama ndani. Yatakwama ukiziba na vitundu vya chini kabisa ya mlango, ambavyo kazi yake ni kuyatoa.

Najua pia utanitajia zile matatu za Buruburu ziitwazo nganya, zinazotikisa vioo vya maduka Jogoo Road. Zile hazitegemei nguvu ya redio hata kidogo: amplifaya zake zina waya mnene kutoka kwenye betri, na wufa zimo ndani ya masanduku ya mbao yaliyozibwa. Mwenye nganya alinunua umeme na sanduku. Wewe umenunua spika peke yake. (Kuna na kanuni za kelele za 2009, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ila naona hizo wanazisoma majirani tu.)

Kabla hujatoa shilingi nyingine, cheza wimbo kwenye CD au flashi, kisha ufungue FM. Ule mkwaruzo wa mwanzo ukiwa FM tu, spika za zamani hazikuwa na hatia. Redio za Kijapani za miaka hiyo zilipokea megahezi 76 hadi 90, nazo stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, ndiyo maana magari mengi yalifungiwa kiboksi cha kuhamisha masafa kwenye waya wa eriali. Kikiungwa ovyo kinakoroma, na hakuna spika ya kukinyamazisha. Kama fundi hajaziuza zile za zamani, zidai leo.